Khalifa yupi? Jinsi ya kutenganisha watu wa historia wenye jina moja

Kazi yangu ni kuhariri wasifu wa watu wa kale: wafalme, wanazuoni, wavumbuzi, majenerali. Makosa ya tahajia hayanipi shida, kwa kuwa hujitokeza yenyewe. Kinachonitoa jasho ni sentensi iliyonyooka, yenye tarehe sahihi na tukio lililotokea kweli, ila aliyelitenda ni mtu mwingine mwenye jina lile lile. Sentensi ya namna hiyo hupita mikononi mwa wahariri kadhaa na wote wakaridhika nayo.

Huu hapa ni utaratibu ninaoufuata kila nikikutana na jina lenye wajina. Utamfaa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa makala za kamusi elezo, hata mtu anayetafuta nasaba ya ukoo wake. Vifaa ni daftari, au jedwali kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Nakili jina zima kabla hujatafuta chochote

Wengi huanza kwa kuchapa jina fupi mtandaoni na kuchukua jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni la yule maarufu zaidi, na huenda siye unayemtaka. Ukichapa "Francis Bacon" unaweza kuwa unamtafuta mwanafalsafa wa Uingereza aliyeishi kati ya 1561 na 1626, au mchoraji aliyezaliwa Dublin mwaka 1909 na kufariki 1992. Hao hawana taabu, wametengana kwa zaidi ya karne tatu. Taabu iko kwa watu wa ukoo mmoja, mji mmoja na cheo kimoja.

Kwa hiyo anza na chanzo kilicho mkononi mwako. Nakili jina kama lilivyo, pamoja na jina la baba, la babu, lakabu, nisba (jina linaloonyesha mahali au kabila alikotoka mtu) na cheo. Usilifupishe, na wala usilisahihishe kwanza.

Watawala wa Zanzibar ni darasa zuri la jambo hili. Kuna Ali bin Said aliyetawala 1890 hadi 1893, na Ali bin Hamud aliyetawala 1902 hadi 1911. Kuna Hamad bin Thuwaini, aliyefariki Agosti 1896, na Hamud bin Muhammed, aliyekalishwa kitini mwezi huo huo. Kati yao akapita Khalid bin Barghash, aliyekaa ikulu siku chache tu hadi manowari za Waingereza zilipomtoa tarehe 27. Mwandishi anayeona "bin" na jina la baba ni urembo wa kupunguza ili sentensi iwe fupi, hapo anakuwa ametupa nusu ya ushahidi wake. Hamad na Hamud wametofautiana herufi moja, lakini Thuwaini na Muhammed hawafanani hata kidogo.

Nisba peke yake haitoshi. Al-Razi ni tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya, wa karne ya 9 na ya 10, na al-Razi ni Fakhr al-Din, mfasiri wa Kurani aliyefariki 1210. Wote wawili nisba yao ni ya mji wa Rayy. Nikikuta "al-Razi anasema" katika rasimu bila nyongeza yoyote, namrudishia mwandishi kazi yake palepale.

Hatua ya 2: Kila mtu afunguliwe kadi yake

Kadi moja, mtu mmoja. Juu yake andika mambo matano: mwaka wa kufa, jina la baba, cheo au kazi, mahali alipoishi, na tendo moja ambalo hakuna anayebisha kuwa ni lake.

Mwaka wa kufa ndio naupa uzito kuliko yote, hata kuliko wa kuzaliwa. Mtu huzaliwa akiwa hajulikani na hufa akiwa anajulikana, kwa hiyo kifo chake huandikwa na wengi wakati kuzaliwa kwake mara nyingi ni makisio. Tena mwaka wa kufa ni ukuta. Aliyekufa 1540 hakusaini kitu mwaka 1541, uwe umempenda kiasi gani.

Tazama unavyofanya kazi katika jumba la Henry VIII wa Uingereza. Mfalme huyu alizungukwa na akina Thomas: Thomas Wolsey alifariki 1530, Thomas More akakatwa kichwa 1535, Thomas Cromwell akakatwa kichwa 1540, Thomas Cranmer akachomwa moto 1556. Wake zake sita, watatu waliitwa Catherine na wawili Anne. Catherine wa Aragon alifariki 1536, Catherine Howard aliuawa 1542, Catherine Parr alifariki 1548. Weka miaka hiyo kwenye safu moja na utaona kuwa hakuna inayogongana. Barua ya mwaka 1538 inayomtaja "Thomas" aliye karibu na mfalme tayari imewaondoa wawili kati ya wanne. Wamebaki Cromwell na Cranmer, na hapo cheo kinamaliza kazi, maana mmoja alikuwa waziri na mwingine askofu mkuu.

Hatua ya 3: Waite wajina wote, wa karibu na wa mbali

Kabla hujaamua ni nani, orodhesha wote wanaoweza kuwa. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu inachosha. Kuna aina tatu za kuwatafuta.

Wa kwanza ni wenye jina lile lile hasa. Wa pili ni walioshiriki jina moja tu katika mazingira yanayofanana, na hao ndio huponyoka. Marais wawili wa Marekani waliitwa Johnson, na wote walikuwa makamu wa rais walioingia madarakani baada ya rais kuuawa: Andrew Johnson baada ya Lincoln mwaka 1865, Lyndon Johnson baada ya Kennedy mwaka 1963. Habari yao ukiisimulia bila mwaka, ni habari moja. Vivyo hivyo Indira Gandhi si binti wala mkwe wa Mahatma Gandhi. Baba yake ni Jawaharlal Nehru, na jina la Gandhi alilipata kwa mumewe Feroze, ambaye hakuwa ndugu wa Mahatma.

Aina ya tatu ni majina yanayokaribiana kwa macho. Ibn Khaldun, mwanahistoria, alifariki 1406. Ibn Khallikan, mwandishi wa kamusi kubwa ya wasifu, alifariki 1282. Sahle Selassie alikuwa mfalme wa Shewa nchini Ethiopia hadi alipofariki 1847, naye ni babu yake Menelik II. Haile Selassie, mfalme mkuu aliyezaliwa 1892, ni kitukuu cha huyo Sahle Selassie kupitia kwa bibi mzaa baba. Mhariri mwenye haraka akikutana na "Sahle" hudhani ni kosa la uchapaji, akaligeuza "Haile", na kwa kalamu moja amemhamisha mtu karne nzima. Ndiyo maana nikasema katika hatua ya kwanza usisahihishe jina.

Hatua ya 4: Vunja sentensi, kisha pima kila dai peke yake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo twende taratibu. Chukua sentensi hii niliyoitunga, ingawa mfano wake si adimu:

"Sultani Khalifa aliwakabidhi Wajerumani utawala wa pwani ya bara mwaka 1888, na alibaki kitini kwa karibu nusu karne hadi kifo chake mwaka 1960."

Inasomeka vizuri. Sasa ivunje. Dai la kwanza: Sultani Khalifa aliwakabidhi Wajerumani pwani, 1888. Dai la pili: alitawala karibu nusu karne. Dai la tatu: alifariki 1960. Ziweke kadi mbili mezani. Kadi ya kwanza ni ya Khalifa bin Said, mtoto wa Said bin Sultan, aliyeshika kiti Machi 1888 baada ya Barghash na kufariki Februari 1890. Kadi ya pili ni ya Khalifa bin Harub, aliyezaliwa 1879, akatawala kuanzia Desemba 1911 hadi Oktoba 1960.

Dai la kwanza: mwaka 1888 Khalifa bin Harub alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Si yeye. Mkataba ule na kampuni ya Wajerumani ni wa bin Said. Dai la pili: bin Said hakutimiza hata miaka miwili kitini, kwa hiyo nusu karne ni ya bin Harub. Dai la tatu nalo ni la bin Harub. Sentensi moja imewabeba watu wawili, mmoja akiwa ndugu wa babu wa mwenzake: Harub ni mtoto wa Thuwaini, na Thuwaini na Khalifa bin Said ni watoto wa baba mmoja.

Angalia kwamba hakuna mwaka hata mmoja ulioandikwa vibaya. Ukikagua tarehe peke yake, sentensi inapita. Kinachoifichua ni kuuliza swali moja kwa kila kitenzi: ni nani aliyetenda hili, na mwaka huo alikuwa na umri gani?

Sasa tuchukue kisa kigumu zaidi, maana kuna wakati kadi zinakaribia kufanana zote. Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad, Ibn Rushd, alikuwa kadhi wa Cordoba na mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Maliki. Alifariki 1126. Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad, Ibn Rushd, alikuwa kadhi wa Cordoba, tabibu na mwanafalsafa aliyefafanua vitabu vya Aristotle. Alizaliwa 1126. Ni babu na mjukuu. Kuniya (jina la heshima linaloanza na "Abu") ni moja, jina moja, baba kila mmoja anaitwa Ahmad, mji mmoja, cheo kimoja, na mwaka ambao mmoja anatoka ndio mwenziwe anaingia.

Mada nayo haikusaidii sana kama unavyotumaini. Utasema: falsafa ni ya mjukuu, fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni ya babu. Sivyo. Mjukuu naye aliandika fikihi, tena kitabu chake cha kulinganisha madhehebu kinasomwa hadi leo. Wanazuoni wenyewe waliliona tatizo hili zamani, wakamwita mmoja al-Jadd, yaani babu, na mwingine al-Hafid, mjukuu. Kama chanzo chako kimeweka neno hilo, kesi imekwisha. Kama hakijaweka, tazama ni kitabu gani kinachonukuliwa na cha mwaka gani. Mwandishi wa Kimaliki akisema "Ibn Rushd" tu katika suala la fikihi, mara nyingi anamkusudia babu. Mwandishi wa Ulaya akisema Averroes, anamkusudia mjukuu.

Hatua ya 5: Namba ya mfalme isome pamoja na kiti chake

Namba za wafalme hudanganya kwa sababu zinaonekana kama sehemu ya jina. Mara nyingi zimeongezwa baadaye. Wafalme wa Misri ya kale walioitwa Ramses walikuwa kumi na mmoja, na hakuna aliyejiita "wa Pili" au "wa Tatu". Namba ni za wanahistoria wa siku hizi. Wamisri wenyewe waliwatofautisha kwa jina la kiti alilopewa mfalme alipotawazwa. Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda aliyempokea msafiri Stanley mwaka 1875, hakuwa "wa Kwanza" kwa yeyote aliyeishi zama zake. Akawa wa Kwanza pale alipokuja Mutesa mwingine, yule aliyekuwa rais wa kwanza wa Uganda na kufariki London mwaka 1969. Kwa hiyo hati ya karne ya 19 isiyo na namba haina upungufu wowote. Yenye namba ndiyo uitilie shaka.

Mtu mmoja pia anaweza kuwa na namba mbili. James alikuwa wa Sita Scotland tangu 1567, akawa wa Kwanza Uingereza kuanzia 1603. Na watu wawili wanaweza kuwa na namba moja: Baldassarre Cossa alijiita Papa Yohane XXIII mwaka 1410, Kanisa likaja kumhesabu kuwa papa asiye halali, na mwaka 1958 Angelo Roncalli akaichukua namba ile ile. Papa Yohane XX hakuwahi kuwapo kabisa, hesabu ilirukwa.

Kwa baba na mwana, kama akina Alexandre Dumas, William Pitt au Johann Strauss, usitegemee "mkubwa" na "mdogo" peke yake. Andika mwaka wa kufa pembeni: Dumas baba 1870, Dumas mwana 1895. Wa Strauss ongeza na kadi ya Richard, ambaye si ndugu yao hata kidogo.

Hatua ya 6: Geuza swali: je, hawa wawili si mtu mmoja?

Ukishazoea kutenganisha, utaanza kutenganisha hata pasipostahili. Ibn Sina na Avicenna ni mtu mmoja. Tafari Makonnen ndiye Haile Selassie, jina alilotawazwa nalo 1930. Henry Morton Stanley alizaliwa akiitwa John Rowlands. Hamed bin Muhammed el Murjebi ndiye Tippu Tip, na nimewahi kuona faharasa iliyowapa kurasa tofauti kana kwamba walikuwa wafanyabiashara wawili wa njia moja.

Kalenda nayo huzaa mapacha. George Washington utamkuta amezaliwa 11 Februari 1731, na kwingine 22 Februari 1732. Tarehe zote ni zake. Uingereza na makoloni yake ilihama kalenda mwaka 1752, ikaruka siku kumi na moja, na mwanzo wa mwaka ukatolewa 25 Machi ukawekwa 1 Januari. Mwaka wa Hijria nao huangukia katika miaka miwili ya Miladia, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja katika kifo cha mwanachuoni haimaanishi wanazuoni wawili.

Kanuni yangu: siunganishi kadi mbili mpaka alama mbili zisizotegemeana zikubaliane, kwa mfano baba na tendo. Na siivunji kadi moja mpaka nipate mgongano ambao kalenda au tahajia haiwezi kuueleza.

Hatua ya 7: Kagua picha

Picha huwekwa mwisho na watu wa usanifu, na hawa hutafuta kwa jina tu. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839. Shaka mfalme wa Wazulu aliuawa 1828. Basi picha yoyote ya kamera inayosemekana ni Shaka ni ya mtu mwingine, na hakuna haja ya kubishana zaidi. Kwa waliotangulia zaidi, jiulize mchoro ulichorwa lini. Ibn Rushd yumo katika mchoro maarufu wa Raphael uliopo Vatikano, lakini Raphael alichora takriban miaka mia tatu baada ya yeye kufa. Chini yake andika kwamba sura ni ya kubuni.

Hatua ya 8: Andika ili msomaji asirudie kazi yako

Mfano bora wa hatua hii waliutoa wenye jina wenyewe. Mwaka 1899 kulikuwa na Winston Churchill wawili walioandika vitabu. Mmarekani, aliyezaliwa 1871, alikuwa mtunzi wa riwaya anayejulikana. Mwingereza, aliyezaliwa 1874, alikuwa kijana anayeanza. Mwingereza akamwandikia mwenzake barua, akajitolea kutia "Spencer" katika jina lake kwenye maandishi yote, na Mmarekani akajibu kwamba naye angefanya hivyo hivyo kama angekuwa na jina la ziada. Ndiyo maana vitabu vya Mwingereza yule, aliyekuja kuwa waziri mkuu, vina herufi S katikati ya jina lake. Tatizo halikwisha moja kwa moja, kwani yule Mmarekani naye aliingia katika siasa, akawa mbunge wa jimbo la New Hampshire. Ukikutana na "Winston Churchill, mwanasiasa na mwandishi" wa mwaka 1905, usikimbilie London.

Nawe fanya kama wao. Mtajo wa kwanza uwe wa jina zima na miaka ya utawala au maisha. Baadaye ukifupisha, bakiza kipande kinachotofautisha na utupe kile kinachofanana: andika "bin Harub", usiandike "Khalifa". Kama wajina wote wawili wamo katika sura moja, sema wazi mara moja kwamba ni watu wawili na uhusiano wao ni upi. Mafaili ya picha na maelezo yape jina lenye mwaka wa kufa, mfano khalifa-bin-harub-1960, ili atakayelichukua baada yako asianze kubahatisha.

Na pale ambapo umepima kila dai na bado kadi mbili zinalingana, acha jina kama chanzo kilivyoliandika, na uweke tanbihi kuwa chanzo hakibainishi ni yupi kati yao, ukiwataja wote wawili kwa majina kamili na mwaka wa kufa wa kila mmoja.